Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya Arusha na Kilimanjaro: OCD inatibika, tuwekeeni watu wanaojua kuitibu

Waheshimiwa wakuu wa mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, waganga wakuu wa mikoa na wilaya, wakurugenzi wa halmashauri, na nyie mnaokaa kupanga kitita cha bima ya afya, shikamooni. Mlio wadogo zangu, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nyumbani ni Moshi na kazini ni Arusha, kwa hiyo ile barabara ya kilomita 80 hivi naijua vizuri na mabenchi ya kusubiria daktari nimeyakalia pande zote mbili. Nina OCD, ugonjwa wa akili wa mawazo yanayojirudia na kukulazimisha kurudia vitendo. Nimeishi nayo tangu niko sekondari, jina lake nimekuja kulijua nikiwa mtu mzima nina mtoto mgongoni. Ninachoomba nakisema mapema ili asiye na muda wa kusoma mpaka mwisho akipate hapa hapa: kila hospitali, kuanzia za rufaa za mkoa kushuka mpaka wilaya, iwe na mtu aliyefundishwa kabisa kutoa tiba ya mazungumzo ambayo imepimwa ikaonekana inafanya kazi, awe na chumba chenye mlango unaofungika, na bima imlipe kama inavyolipia vidonge. Na huyo mtu asimfanye mgonjwa aone kwamba vile alivyo ndio ugonjwa wenyewe. Ni hayo, sasa nieleze kwa nini.

OCD ni hivi. Wazo baya linaingia kichwani bila hodi, linakupa hofu ya ajabu, unalifukuza halitoki, na ili hofu ishuke unajikuta lazima ufanye kitu, unawe mikono, urudi kuangalia jiko la gesi, uhesabu, utubu, umuulize mume wako kwa mara ya ishirini "una uhakika sijamgonga mtu njiani?". Ukifanya, hofu inashuka kidogo. Baada ya dakika chache inarudi na safari hii inataka zaidi. Hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu ile nafuu ya dakika mbili ndiyo inayoufundisha ubongo kwamba hatari ilikuwa ya kweli na kunawa ndiko kulikokuokoa. Nimeona mtu anamaliza madumu ya maji ya nyumba nzima asubuhi moja, familia inagombana kwa bili ya maji, wanamwita mchafuzi wa amani, kumbe mwenzao ngozi ya vidole imepasuka inatoa damu na bado hajaona kwamba ametakata.

Na yale mawazo yenyewe sio ya watu wabaya. Mwaka 1978 watafiti Stanley Rachman na Padmal de Silva waliuliza watu wa kawaida tu wasio na ugonjwa wowote kama huwa wanapatwa na mawazo ya ghafla ya kuchukiza, ya kuumiza mtu, ya aibu, ya kukufuru, na wengi sana, kama wanane kati ya kumi, walisema ndiyo. Tofauti ni kwamba mwingine linampitia anaendelea kukaanga vitunguu, sisi wenye OCD tunalishika tunalihoji usiku kucha.

Langu lililonivunja lilikuja baada ya kujifungua mtoto wa kwanza. Kila nikishika kisu cha jikoni naona picha namchoma nacho mwanangu. Mwanangu ambaye nilimuomba Mungu kwa miaka! Nikaanza kuficha visu, mwishowe vyote vikaenda kukaa kwa jirani nikamdanganya kwamba kwetu kuna panya, sijui hata visu na panya vinahusiana vipi ila hakuuliza. Nikawa sibaki na mtoto peke yangu. Mama mkwe akaona mimi mvivu wa kulea. Nilipokuja kupata ujasiri wa kwenda hospitali, mhudumu aliyenisikiliza aliniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye foleni, "kwa hiyo unataka kuua mtoto?" Nikapewa diazepam, dawa ya kutuliza, na ushauri wa kusali sana. Sitaji ni wapi kwa sababu sidhani kama yule dada alikuwa na roho mbaya, hakuna mtu aliyewahi kumfundisha. Ila nilitoka pale nimeapa sitamwambia mtu tena na nikakaa kimya muda mrefu sana. Sasa jiulizeni wangapi wamekaa hivyo hivyo kimya, maana kuna utafiti wa Canada wa mwaka 2008 uliokuta karibu nusu ya mama waliotoka kujifungua wamewahi kupata wazo wasilolitaka la kumdhuru mtoto wao makusudi, na karibu wote hawana hatari yoyote kwa watoto wao. Kwenye kliniki za mama na mtoto nilizopita mimi hakuna aliyewahi kuniuliza hata siku moja.

Nilichokuja kupona nacho kinaitwa ERP, tiba ya kukabili unachokiogopa bila kufanya kile kitendo cha kushusha hofu. Aliyeanza kukijaribu ni Victor Meyer, hospitali ya Middlesex kule London, akaandika mwaka 1966 kuhusu wagonjwa wawili ambao dawa na maongezi ya kawaida vilikuwa vimeshindwa. Alichofanya kilionekana ukatili wakati ule, aliwasogeza taratibu kwenye vitu wanavyoviogopa halafu akawazuia kufanya vile vitendo vyao vya kujirudia. Hofu ikapanda, ikakaa, ikashuka yenyewe. Mtu hakufa. Ubongo ukajifunza.

Mwanasaikolojia wangu alinifanyisha hivyo hivyo kwa hatua. Tuliandika ngazi, chini kabisa kitu kinachonipa hofu kidogo, juu kabisa kile ambacho nilisema siwezi hata iweje, kila kimoja tukakipa namba kati ya 0 na 100. Tukaanza na kuandika neno kisu kwenye karatasi na kukaa nalo. Kisha kisu mezani mtoto akiwa chumba kingine. Kisha kisu mezani mtoto mapajani. Kisha nikate karoti mtoto yuko mgongoni, na nisimuulize mtu yeyote kama mimi ni mama mzuri. Hiyo ya kutouliza ndiyo ilikuwa ngumu kuliko kisu, nilikuwa natetemeka jasho linanitoka na yeye amekaa pale ametulia hanibembelezi, ananiambia tu "iache ipande, usiifanye kitu". Leo napika kwangu kama mtu mwingine. Wazo linakuja bado siku moja moja, linapita.

Sasa mtaniambia huyo ni wewe, labda bahati. Hapana. Mwaka 2005 Edna Foa na wenzake kule Marekani walichapisha utafiti wa watu wazima 122 wenye OCD waliogawanywa kwa bahati nasibu. Waliopewa ERP peke yake, 62 kati ya kila 100 walipata nafuu ya kueleweka. Waliopewa dawa ya clomipramine peke yake ni 42. Waliopewa vyote viwili ni 70. Waliopewa kidonge cha bandia ni 8. Sijasema dawa hazifai, fluoxetine, dawa nyingine ya OCD, imewasaidia watu ninaowajua na clomipramine ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huu huu, muhimu mtu aambiwe kwamba kwa OCD dozi mara nyingi inakuwa kubwa zaidi na inaweza kuchukua hata wiki 12 kuonekana, maana watu wanaacha wiki ya pili wanasema haifanyi kazi. Ninachosema ni kwamba tiba iliyoizidi dawa kwenye utafiti ule ndiyo ambayo kwetu huipati mpaka uwe na hela ya kliniki binafsi au uwe na mtu Dar au Nairobi wa kukufanyia kwa simu. Na diazepam ambayo wengi wetu tumepewa inatuliza tu kwa usiku mmoja, OCD haiigusi, na mwisho wake unabaki na magonjwa mawili, OCD na utegemezi wa dawa yenyewe.

Naomba niseme na viongozi wa dini pia kwa sababu mikoa hii miwili mtu akiumwa kichwa cha namna hii anaanza kwenu kabla hajafika kwa daktari. Wachungaji wetu wa KKKT, kanisa la Kilutheri, mnamjua Martin Luther kuliko mimi, mnajua alivyokuwa akiungama masaa mengi kwa padri wake Staupitz, akitoka anarudi amekumbuka dhambi nyingine, hajisikii kusamehewa. Wapo wengi waliosoma maisha yake wakasema ni mateso ya namna hii hii. Wakatoliki mna Ignatius wa Loyola, yeye mwenyewe alisimulia alivyoteswa na mawazo ya dhambi alizokwisha kuungama mpaka akafikiria kujiua. Masheikh mna elimu ya waswasi ya karne nyingi, mtu anatawadha akirudia na kurudia mpaka wakati wa sala unapita, na wanazuoni wameshasema asiufuate, asirudie, aendelee na sala yake. Hiyo kwa kweli ni sawasawa na ninavyoambiwa na mwanasaikolojia. Kwa hiyo hampingani na tiba, tunachowaomba ni kwamba mtu akija kwa mara ya kumi kuuliza swali lile lile kama Mungu amemsamehe msimjibu kwa mara ya kumi, maana jibu lenu limeshakuwa kama maji yake ya kunawa, mshikeni mkono mumpeleke hospitali. Na kumwambia mtu ana pepo kwa sababu ya wazo ambalo yeye mwenyewe analichukia ni kumwongezea mzigo, nimeona binti amefungwa siku kadhaa kwenye maombi bila kula na alipotoka alikuwa anahesabu vidole vyake tu.

Nije kwenye jambo ambalo najua litawafanya wengine wakunje uso ila nitalisema. Kuna watu ambao wasiwasi wao hautoki kichwani peke yake, unatoka kwenye jinsi wanavyoishi kati yetu wakiwa vile walivyo. Tanzania mtu mmoja katika kila 1,400 hivi ana ualbino, Ulaya ni kama mmoja kati ya 17,000 au zaidi, kwa hiyo hawa ni watoto wetu na wanafunzi wetu. Namjua binti mmoja wa chuo hapa Moshi mwenye ualbino, ana moyo wa kwenda mbio, hapandi daladala ya jioni, mlango wa hosteli anauhakiki tena na tena. Alikwenda kuomba ushauri akaambiwa ajikubali. Ajikubali nini sasa? Yeye amejikubali zamani, wasiomkubali ni wale wanaomwita jina la kuzimu barabarani. Mshauri aliyefundishwa vizuri anajua kuzitenganisha hofu mbili hapo. Kuhakiki komeo mara thelathini ni ugonjwa na unatibika kwa ngazi ile ile niliyoisema. Kuogopa njia ya giza katika nchi ambayo watu kama yeye wamewahi kukatwa viungo hiyo ni akili timamu, na mtu akimwambia "jaribu kupita usiku ili uzoee" amemhatarisha. Kwa hofu ya pili anayetakiwa kufanyiwa kazi ni mtaa, taa za barabarani, polisi, mkuu wa chuo, na yeye asaidiwe kuibeba ile stresi bila kujilaumu.

Hivyo hivyo kwa binti wa kimaasai aliyekimbia kukeketwa na sasa hana pa kurudi, ana hatia kwa mama yake na ana hasira kwa mama yake kwa wakati mmoja. Mwanamke aliyekosa mtoto anayeitwa majina ukoo mzima. Kijana aliyebadili dini, baba yake hamsemeshi. Na wapo vijana ambao hata mbele ya daktari hawawezi kusema mvuto wao wa kimapenzi uko wapi, wanaoa ili kuficha, wengine wanakunywa sana, wengine tunawazika. Sina mamlaka ya kubadili sheria za nchi kwa barua. Ila kitabibu chama cha madaktari wa akili duniani kilishasema wazi mwaka 2016 kwamba kujaribu kumgeuza mtu mvuto wake kwa kinachoitwa tiba hakuna ushahidi wa kisayansi na kunaweza kumdhuru. Kwa hiyo yeyote anayekaa kwenye kile chumba akutane na mtu atakayetibu wasiwasi wake, usingizi wake na wazo lake la kujiua, siri yake ibaki pale, asihubiriwe na asiripotiwe. Hili la kuripotiwa sio la kufikirika tu, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, wakati Ghana walishakifuta cha kwao 2023 na Kenya Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu chao kinakwenda kinyume na katiba. Nani atamwambia nesi ukweli kama nyuma ya nesi anamuona polisi? Waheshimiwa mna sauti Dodoma, lisemeni.

Najua jibu linalokuja ni kwamba wataalamu hakuna na hela hakuna. Wataalamu ni wachache kweli. Lakini hapa hapa Moshi, pamoja na Bungoma kule Kenya, ulifanyika utafiti wa watoto 640 wa miaka 7 mpaka 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, wakapewa tiba ya mazungumzo kwa vikundi na washauri ambao hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia, ni watu wa kawaida waliofundishwa wakasimamiwa kwa karibu. Matokeo yalitoka 2020. Kenya mjini na kijijini watoto walipata nafuu kuliko wale wa huduma ya kawaida, na kwetu mjini pia, ila kwetu kijijini tofauti haikuonekana. Nalisema na hilo la kijijini kwa makusudi kabisa, kwa sababu ndio maana halisi ya tiba yenye ushahidi, unapima, unakubali pale pasipofanya kazi, unatafuta kwa nini. Wazimbabwe nao, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi wa mtaani Mbare, Harare, mwaka 2006, mabenchi ya mbao nje ya zahanati, na utafiti wao wa watu 573 uliotoka 2016 ulionyesha baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona kwenye kundi la mabibi ni kama 14 kati ya 100, kundi la huduma ya kawaida ni kama 50. Mabibi! Nairobi wahudumu wa afya wa jamii walifundishwa njia ya Shirika la Afya Duniani ya vikao vitano wakaifanya kwa wanawake waliopitia ukatili, na msongo wao ukapungua.

Na nyie mmezindua wenyewe Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo watu 137,294 ndani ya miaka mitano. Hao ndio watu wa kupita nyumba kwa nyumba Pasua, Kiboriloni, Ngarenaro, Unga Limited mpaka huko Longido na Rombo. Waongezeeni maswali machache ya wasiwasi na OCD kwenye mafunzo yao, wajue pa kumpeleka mtu. ERP yenyewe siwezi kusema apewe kila mtu aifanye, hiyo inataka mtu aliyefundishwa na mwenye wa kumsimamia, akikosea anaweza kumtisha mgonjwa akakimbia moja kwa moja. Lakini chuo kikuu cha afya kipo Moshi mgongoni mwa hospitali ya KCMC, manesi wa afya ya akili wapo, maafisa ustawi wa jamii wapo kwenye hospitali zenu, walimu wa unasihi wapo mashuleni na wengi wao wamepewa hicho cheo bila hata semina ya siku moja. Chagueni wachache kila wilaya, wafundishwe, wasimamiwe kila wiki hata kwa simu, na wapimwe kwa ile dodoso ya maswali kumi inayotumika duniani kote kupima ukali wa OCD kuanzia 0 mpaka 40, mgonjwa akianza na akimaliza, ili mwisho wa mwaka muone kwa namba kama hela yenu imefanya kazi.

Kwenye bima neno langu ni fupi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepita 2023. Kikao cha tiba ya mazungumzo kiandikwe kwenye kitita kwa jina lake, kwa idadi ya vikao inayotosha kumaliza tiba, maana vikao viwili vya OCD ni sawa na kumpa mtu nusu dozi ya malaria.

Mipango ya afya ya halmashauri huwa inaandaliwa miezi mingi kabla ya Julai. Ombi langu ni kwamba kwenye mpango unaofuata wa halmashauri zote za mikoa hii miwili kiwepo kifungu cha mafunzo haya na chumba kimoja, na waganga wakuu watangaze hadharani ni hospitali gani zitaanza na lini. Mkitaka wagonjwa wa kukaa nao kwenye kikao cha kupanga mimi nitakuja, na wapo wengine niliowauliza kabla sijaandika wakasema watakuja pia, mradi tu majina yetu yasisomwe kwa sauti kwenye korido.

Mama wa watoto wawili,
Moshi